Milango ya Buluu ya Mama Taipu

Mama Taipu alipewa jina hilo na wanafunzi, na hakuna tena anayekumbuka ni wanafunzi wa mwaka gani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa shule ya sekondari, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha dogo la kupokelea barua na udhuru. Alipiga chapa mitihani, barua za kuwasimamisha watoto masomo na barua za kuwarudisha, kwa vidole vyote kumi, macho juu, huku mdomo ukimkemea aliyeingia na viatu vya matope. Mashine za chapa zilipoondolewa na kompyuta zikaletwa, walimu walipelekwa mafunzo ya wiki mbili. Yeye aliomba siku tatu na kijitabu cha maelekezo. Siku ya nne walimu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake wakiuliza barua zao zimepotelea wapi.

Siku ya kustaafu, shule ilimpa saa ya ukutani na kompyuta aliyokuwa akiitumia. Saa aliigawa. Kompyuta aliipakata mwenyewe ndani ya gari la mwalimu mkuu kama mtoto anayetoka hospitali, akaiweka sebuleni kwenye meza ya pembeni na kuifunika kitambaa alichokipinda kwa mkono wake. Lilikuwa sanduku refu la kusimama, rangi ya maziwa yaliyokaa sana, lenye feni iliyonguruma kila asubuhi mpaka ipate joto. Mumewe, mzee aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji, aliliita mpangaji.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kiume, mpiga video za harusi na mikutano. Alipooa alihamia mji wa kwao mkewe, safari ya saa nne kwa gari. Huko akazaliwa mjukuu wa kike aliyekuwa na mashavu manene kiasi kwamba wote, mpaka daktari, walimwita Kibonge.

Mama Taipu hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyojiona. Wenzake kazini walipopandishwa vyeo yeye ndiye aliyewapigia chapa barua zao, na hakuwahi kukosea hata herufi. Lakini mwezi mmoja baada ya Kibonge kuzaliwa, mwanawe alimpigia simu, wakazungumza habari za homa na usingizi wa mtoto, kisha kijana akasema kwa kupitia tu:

“Nimemnunulia mama mkwe kompyuta ya mapajani. Nzuri sana, Mama. Picha za mtoto zitakuwa zinakaa kwake.”

“Umemnunulia nani?”

“Mama mkwe. Si unajua yeye ndiye anayekaa na mtoto tukiwa kazini? Nyumba yake ni ya tatu tu kutoka kwetu.”

“Vizuri sana,” alisema Mama Taipu. “Umefanya jambo la maana.”

Alipokata simu alienda akakifunua kile kitambaa, akalitazama sanduku lake, akakirudisha. Kisha akaenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Mama mkwe wa mwanawe alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha watu wakohoe. Kila mtu alimwita Nesi. Mama Taipu alikuwa amekutana naye mara mbili, siku ya posa na siku ya harusi, na mara zote mbili alimwona ni mtu mwema. Baada ya ile simu wema wenyewe ukaanza kumkera. Nesi alijua mtoto anataka nini kabla hajalia. Nesi alimtibu upele kwa siku moja. Nesi kasema hivi, Nesi kasema vile. Mkamwana wake hakumaliza sentensi tatu bila kumtaja mama yake, jambo ambalo ni la kawaida kwa binti yeyote, na Mama Taipu alilijua hilo, na halikumsaidia kitu.

Sasa, yule kijana hakuwa amemsahau mama yake. Alimpiga picha Kibonge karibu kila siku, tena kwa kamera yake ya kazi, na picha za kamera ile zilikuwa nzito ajabu. Dakika tano za mtoto kuchezea kijiko zilichukua nafasi kubwa kuliko barua zote ambazo Mama Taipu alizipiga chapa maishani. Kuzituma kwa simu haikuwezekana. Kwenye simu alipata vipande vya sekunde kumi tu, vyenye ukungu. Kwa hiyo walipanga utaratibu. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kijana alimpa diski yake ndogo ya kubebeka dereva wa gari la vifurushi, rafiki yake wa siku nyingi. Dereva aliifikisha kwa Mama Taipu saa nne asubuhi, akapakua mizigo kwenye duka la jirani, akaja kunywa chai, kisha akaondoka nayo, kwa sababu diski hiyo ilihitajika Ijumaa kwa harusi za mwisho wa wiki. Kituo chote kilikuwa cha dakika arobaini.

Na hapo ndipo lile sanduku lilipomwaibisha. Mama Taipu alichomeka waya wa diski, akaagiza picha zinakiliwe, na kioo kikamwandikia: zimebaki saa mbili na dakika kumi. Dereva alimaliza kikombe cha kwanza, cha pili, akatazama saa yake kwa adabu. Ilipofika wakati wa kuondoka, theluthi moja tu ilikuwa imeingia. Picha zilinakiliwa kwa mpangilio wa tarehe. Basi Mama Taipu akawa anamjua mjukuu wake kuanzia tarehe moja mpaka tarehe kumi.

Mambo yote ya maana, kwa bahati mbaya, yalitokea baada ya tarehe kumi. Jino la kwanza lilitoka tarehe kumi na saba. Kutambaa, tarehe ishirini na mbili. Mara moja alijaribu kuanza kunakili kutoka mwisho, akapata mtoto anayepiga makofi bila kujua alijifunzia wapi, akaona ni kama kusoma barua kwa kuanzia sahihi. Akarudia utaratibu wa zamani.

Kisha Nesi akampigia simu.

“Mkwe wangu, umeona alivyosimama?”

“Alisimama lini?”

“Tarehe ishirini na nne! Peke yake, kashika kiti tu. Si imo humo kwenye diski?”

“Bado sijafika huko,” alisema Mama Taipu. “Kwani kwako wewe kunakili kunachukua muda gani?”

“Kunakili? Ah, sijui, mwenzangu. Kufumba na kufumbua naona tayari.”

Kufumba na kufumbua! Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Aliamka nalo, akapika nalo. Mumewe alimuuliza chumvi imeenda wapi, naye akamjibu kwamba kuna watu wanapata kila kitu kufumba na kufumbua.

Kesho yake alivaa viatu vyake vya ofisini akaenda kwenye duka la vifaa vya kompyuta, ukumbi mwembamba wenye nyaya zilizoning'inia kama nguo za kuanikwa. Fundi alikuwa kijana, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alimsikiliza, kisha akasema kile kile ambacho Mama Taipu alikitarajia.

“Mama, mashine ya umri huo iache ipumzike. Nunua mpya.”

“Nimekuuliza kwa nini inachelewa. Sijakuuliza kama inakufa.”

Fundi akacheka, akashusha miwani. Alimweleza vizuri, kwa heshima, kwamba kosa si la kompyuta nzima. Kosa ni milango yake, yale matundu ya kuchomekea waya. Milango ile ilitengenezwa zamani, wakati ambapo hakukuwa na vitu vizito vya kupitisha. Diski ya mwanawe ina uwezo wa kukimbia, lakini ikifika mlangoni inapita ubavu ubavu. Milango ya kisasa ina ulimi wa buluu ndani yake, na hata mashine ya zamani inaweza kuongezewa. Akachomoa kwenye droo kadi ya kijani, ndogo kuliko kiganja, yenye matundu manne ya buluu ubavuni.

“Ndani ya sanduku lako kuna ubao mkubwa. Kwenye ubao kuna vitundu vyembamba vya kupachikia kadi. Kama kuna kifupi kimoja kilicho wazi, hii inaingia. Niletee mashine nikufungie, ni kazi ya robo saa.”

“Nitafunga mwenyewe.”

“Mama...”

“Nimefungua mashine za chapa ukiwa hujazaliwa. Nionyeshe tu.”

Akamwonyesha. Zima umeme, chomoa waya wote, shika chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu ili umeme wa mwilini utoke. Ondoa kibati cha nyuma. Sukuma kadi mpaka ikae. Funga skrubu. Alimwambia na mambo mengine mawili matatu, lakini wakati huo Mama Taipu alikuwa amekwisha kuitazama ile milango ya buluu na kumwona Nesi akipiga simu nyingine: umeona hiki, umeona kile? Na yeye akimjibu: nimeona, mkwe wangu, vyote. Alilipa, akapewa kadi na kidude chenye programu ya kuitambulisha kwenye kompyuta, akaondoka bila kuuliza swali.

Alilifungua sanduku Jumanne asubuhi, akiwa ameliweka juu ya gazeti kwenye meza ya kulia chakula. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka yote ile, laini na la kijivu, limelala kila mahali. Alilitoa taratibu kwa brashi ya kupakia rangi. Ubao ukaonekana, na vitundu vyake, na kifupi kimoja kiko wazi. Kibati cha nyuma kilikuwa kigumu, kikamkata kidole. Akakifyonza na kuendelea. Kadi ilipoingia ilitoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake, na Mama Taipu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nesi apige ile simu.

Hakuijaribu. Alisema haina haja, kitu kilichoingia sawasawa kimeingia sawasawa. Alimwambia mumewe asimwambie mtoto wao, kwa kuwa alitaka siku moja amwambie kwa kupitia tu, kama yeye alivyoambiwa habari za kompyuta ya mapajani.

Alhamisi dereva akafika. Mama Taipu alikuwa ameshavaa miwani. Alichomeka diski kwenye mlango wa buluu, akakaa, akangoja. Taa ya diski haikuwaka. Akachomoa, akachomeka mlango wa pili. Wa tatu. Wa nne. Giza.

“Leo kuna tatizo, Mama?” aliuliza dereva, kikombe mkononi.

“Hakuna tatizo. Kunywa chai.”

Dakika kumi na tano zilikwenda hivyo. Mwishoni alirudi kwenye tundu la zamani, na mwezi huo hakupata hata zile siku kumi. Alipata saba. Gari lilipoondoka alichukua simu akampigia mwanawe, kiburi kakiweka pembeni, tayari kuungama kila kitu. Simu ikapokewa.

“Mkwe wangu! Habari za huko?” Alikuwa Nesi. “Kijana wako anamwogesha mtoto, simu kaniachia mimi. Kuna jambo?”

Mama Taipu akasikia maji yakichuruzika, na nyuma ya maji kicheko cha mtoto, kile cha tumboni kabisa.

“Hapana,” alisema. “Nilitaka kusema diski imeondoka salama.”

Alikaa kitini muda mrefu. Akafikiri jinsi nyumba ile ilivyokuwa: mwanawe anaogesha, Nesi kashika taulo, simu ya mwanawe iko mfukoni kwa Nesi. Na yeye yuko hapa na sanduku lililokataa. Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira, akachukua bisibisi, akaling'oa tena lile bati la ubavuni.

Mumewe alikuja kusimama nyuma yake. Hakujua lolote la kompyuta, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameinama juu ya mita za watu akitafuta kwa nini maji hayafiki.

“Hako kamdomo ka nini?” aliuliza.

“Kapi?”

“Haka. Kenye meno manne, mwishoni mwa kadi yako. Naona hakajapewa kitu.”

Mama Taipu akainama. Kweli, mwishoni mwa kadi kulikuwa na tundu jeupe lenye vijiti vinne, tupu. Mzee akafuata nyaya kwa kidole, kama alivyozoea kufuata bomba, mpaka kwenye kisanduku cha juu kilichopokea umeme wa ukutani. Kati ya nyaya zilizotoka pale, mmoja ulikuwa umekunjwa na kufungwa, haukwenda popote, na kichwa chake kilikuwa na matundu manne.

“Huyu hana kazi,” alisema mzee.

Na hapo Mama Taipu akakumbuka sauti ya fundi kwa mbali, wakati yeye akijibizana na Nesi kichwani: usisahau kuilisha umeme, Mama, hii haitosheki na wa ubaoni. Alichomeka waya. Akawasha. Akaweka ile programu ndogo, akangoja sanduku lijizime na kujiwasha, kisha akachomeka kidude cha kuhifadhia mafaili kwenye mlango wa buluu. Kijitaa chake kikawaka.

“Umeona?” alisema mzee, kifua mbele. “Mpangaji kapata maji.”

Huo mwezi ulikuwa mrefu. Alhamisi ilipowadia, dereva alileta diski, na safari hii kulikuwa na mambo ya miezi miwili, kwa kuwa kijana hakuwa amefuta za nyuma. Mama Taipu alichomeka. Kioo kikaandika dakika kumi na nane, kikafikiri, kikaandika kumi na sita. Mstari wa kijani ulitembea waziwazi, unauona kwa macho. Dereva alikuwa bado anapuliza kikombe cha kwanza alipokabidhiwa diski yake.

“Tayari?”

“Kufumba na kufumbua,” alisema Mama Taipu.

Siku hiyo hakupika. Alivuta kiti, akaanza na tarehe moja, na alipovuka tarehe kumi alijiona kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua. Akamwona Kibonge akisimama. Akamwona akipiga hatua mbili, akianguka kwa makalio, akijicheka. Aliona kila alichokikosa, kwa rangi zake, unywele kwa unywele.

Na katika kila kimoja alikuwamo Nesi.

Hakuwa amelitarajia hilo. Zile siku kumi za mwanzo wa mwezi, kumbe, zilikuwa siku ambazo zamu za kazini humpumzisha mkamwana wake kila mwezi, ndiyo maana mtoto alionekana na mama yake. Siku ishirini zilizobaki zilikuwa za Nesi. Mkono wa Nesi wenye saa ya kiuguzi ulishika kijiko. Hatua zile mbili zilipigwa kuelekea magotini kwa Nesi. Neno la kwanza lililosikika vizuri lilikuwa “bibi,” na aliyeitika alikuwa Nesi. Mama Taipu aliangalia siku tatu mfululizo. Mlango alioufungua ili aingize mjukuu ulikuwa umemwingizia mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, saa baada ya saa, na sasa alikuwa wazi kabisa, hana hata ukungu.

Siku ya tatu alifika kwenye picha ya Jumapili moja. Sauti ya mwanawe, nyuma ya kamera, ilisema: “Kibonge, msalimie bibi wa kule.” Mtoto akatazama kamera akatoa ulimi. Nesi, aliyembeba, akacheka.

“Bibi wa kule anapenda picha, mwanangu,” alisema. “Sisi huku tunapenda kubeba.”

Nyuma ya kamera mwanawe naye akacheka. Mama Taipu alisimamisha picha hapo hapo.

“Njoo usikie!” alimwita mumewe. Akamchezeshea mara ya pili, na ya tatu. “Umesikia ananisema? Mbele ya mwanangu! Na mwanangu anacheka!”

Mzee alikuna kidevu. “Kasema uongo wapi?”

“Unasemaje?”

“Wamekuita mara ngapi? Mara nne. Mara ya kwanza ulisema mgongo. Ya pili ulisema mvua. Hizo nyingine mbili hata sababu hukusema.”

“Siendi kukaa mgeni kwenye nyumba ya mwanangu, nikaribishwe maji na mama wa mtu mwingine.”

“Basi kaa na mpangaji wako,” alisema mzee, akatoka nje kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Hawakusemeshana mpaka jioni. Wala usidhani Mama Taipu aliamua kwenda kwa sababu moyo ulilainika. Alienda kwa sababu alishindwa kuvumilia kufikiri kwamba wakati huo huo, dakika hiyo hiyo, Nesi amebeba. Alhamisi iliyofuata dereva alipokuja kupakua mizigo ya duka, hakumkuta na miwani. Alimkuta mlangoni na begi.

“Leo natumwa mimi badala ya diski,” alisema, akapanda kiti cha mbele.

Alipofika, mkamwana wake alimkumbatia mpaka akamkosesha pumzi, akamchukua begi, akampa kiti kizuri. Kibonge alikuwa sakafuni na mfuniko wa sufuria. Mama Taipu akainama, akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama yule mgeni, midomo ikapinda, akapiga yowe lililosikika nyumba ya tatu, maana Nesi alitokea mlangoni kabla yowe halijaisha, akamchukua, na yowe likakatika kama bomba lililofungwa.

“Mpe muda, mkwe,” alisema Nesi. “Hakujui.”

Alisema kwa wema. Mama Taipu angependelea kupigwa kofi.

Kesho yake wazazi walirudi kazini, na wao wawili wakabaki nyumbani kwa Nesi na mtoto aliyelala. Kompyuta ya mapajani ilikuwa mezani kwa Nesi, chini ya rundo la nguo za mtoto zilizokunjwa. Mama Taipu hakuweza kujizuia.

“Ile picha ya Jumapili,” alianza, “ile uliyosema bibi wa kule anapenda picha...”

“Nilisema hivyo? Wapi?”

“Si kwenye diski! Hujaiona?”

“Mimi?” Nesi alicheka, akishika soksi moja akitafuta ya pili. “Mwenzangu, sijawahi kuangalia hata moja. Kijana ndiye anayekuja anachomeka, anachomoa, anaondoka. Hiyo mashine hata kuiwasha sijui. Za nini? Mtoto si yupo hapa?”

Mama Taipu aliitazama ile kompyuta chini ya nguo. Mwaka mzima alikuwa ameshindana na mtu ambaye hakujua kuna mashindano, na ambaye aliyashinda kwa kukaa tu. Pale ndipo wivu ulipompanda sawasawa, kuliko siku ya kompyuta, kuliko siku ya maji ya kuogea. Alitamani kusema neno kali, akatafuta, hakupata, kwa kuwa Nesi hakuwa amefanya kosa lolote. Akachukua soksi kwenye rundo.

“Hii hapa ya pili,” alisema.

Alikuwa amekuja kwa siku mbili. Alikaa kumi na moja. Siku za kwanza mtoto alimkimbia, naye hakumlazimisha. Alikaa tu sakafuni, magoti yakimlia, akipanga mifuniko kwa ukubwa. Siku ya tano Nesi alikwenda kupima shinikizo la damu, foleni ikawa ndefu. Kibonge alizunguka nyumba akimtafuta, akalia kidogo, akachoka, akaja kusimama mbele ya Mama Taipu na kumpima kwa macho. Kisha akampandia mapajani, akageuka, akalala. Alikuwa mzito. Hakuna picha iliyokuwa imemwambia Mama Taipu kwamba alikuwa mzito kiasi kile, wala kwamba kisogo chake kilinuka jasho na sabuni. Mguu wake ulikufa ganzi, hakuusogeza. Nesi aliporudi na kunyoosha mikono amchukue, Mama Taipu alimwambia kwa sauti ya chini, ile ya dirishani shuleni:

“Muache. Amelala.”

Tangu hapo alikwenda kila mwezi na gari la vifurushi, na mumewe mara moja moja. Kibonge alimzoea, akamwita Bibi Gari, na kila liliposimama gari lolote nje, hata la taka, alikimbilia mlangoni akiliita jina hilo. Picha bado alizinakili, lakini hakuziangalia zote.

Ilipita miezi sita hivi. Asubuhi moja, begi likiwa tayari kitandani, simu ya Nesi iliingia.

“Mkwe wangu, leo ndiyo unakuja?”

“Ndiyo, leo.”

“Aha.” Nesi akaendelea. “Tangu jana mtoto hataki kula kwangu. Bibi Gari, Bibi Gari, ndiyo wimbo wake. Sasa safari hii... utakaa siku ngapi?”

Ilikuwa sauti nyepesi, ya kuuliza kwa kupitia tu, na Mama Taipu aliitambua mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameitumia mwaka mzima. Alikuwa amepanga siku tatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akalaza viganja vyake juu ya begi.

“Sijui bado, mkwe wangu,” alisema. “Labda wiki mbili.”